Msumeno wa meza wenye breki ya kulinda vidole: uchambuzi wa uamuzi wa karakana moja

Karakana inayozungumzwa hapa ina watu watatu. Yupo mwenye karakana, ambaye nusu ya muda wake huupitisha kwenye mashine na nusu nyingine kwa wateja. Yupo fundi mkuu, mtu wa uzoefu mrefu ambaye vidole vyake vyote kumi vipo, jambo analolikumbusha kila mjadala wa usalama unapozuka. Na yupo mwanagenzi ambaye ndiyo kwanza ameanza kuruhusiwa kusimama mbele ya diski, yaani gurudumu la meno linalozunguka katikati ya meza ya msumeno. Kazi yao kubwa ni makabati na milango, kwa hiyo kinachopita mezani ni plaiwudi, ubao wa MDF (uliotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) na mbao ngumu zilizokauka, ingawa mara kwa mara huletewa pia mbao mbichi za kupasua kwa ajili ya fremu. Msumeno wao wa zamani umechoka: beringi zinalia, reli ya kuongozea mbao haikai tena sambamba na diski, na bamba la chuma linalopaswa kusimama nyuma ya diski lilipotea siku nyingi bila mtu kulitafuta. Mashine mpya ilikuwa lazima inunuliwe, na niliombwa maoni kuhusu ipi.

Fedha zilizokuwepo zilitosha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kununua msumeno wa aina ya SawStop, wenye breki inayosimamisha diski mara tu inapoguswa na mwili wa mtu, na kuishia hapo. Njia ya pili ilikuwa kununua msumeno wa kawaida ulio imara, wenye bamba la nyuma na kifuniko cha diski, kisha kiasi kinachobaki kinunue mashine ya kunyonya vumbi na msumeno wa mkanda uliotumika, yaani ule unaokata kwa ukanda mrefu wa meno badala ya diski. Wanaouza mashine za gharama kubwa hupenda kuuliza kidole kimoja kina thamani gani. Swali hilo halina jibu, na nadhani huulizwa kwa sababu hiyo hiyo, maana asiyeweza kulijibu huona aibu kuuliza kitu kingine chochote. Katika kisa hiki tuliliweka kando. Tulilotaka kujua ni aina gani ya ajali inazuiwa na breki hii, ni nani katika karakana hii aliye karibu zaidi na ajali ya aina hiyo, na ni kinga gani nyingine itakosekana ikiwa fedha zote zitaishia kwenye mashine moja.

Breki yenyewe inavyofanya kazi

Mfumo huu ulibuniwa mwaka 1999 na Steve Gass, mwanafizikia ambaye pia ni mwanasheria wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, nchini Marekani. Watengenezaji wakubwa wa mashine hawakuukubali, hivyo yeye na wenzake wakaanzisha kampuni yao, SawStop, na msumeno wao wa kwanza ukaingia sokoni mwaka 2004. Msingi wake ni rahisi kueleweka. Diski hupewa ishara ndogo ya umeme, na kompyuta ndogo iliyo ndani ya mashine huifuatilia ishara hiyo muda wote diski inapozunguka. Mbao kavu haipitishi umeme vya kutosha kuibadilisha. Mwili wa mtu hupitisha umeme na huweza kuhifadhi chaji, kwa hiyo ngozi inapogusa jino la diski, ishara hushuka ghafla. Hapo waya mwembamba unaoizuia springi yenye nguvu huunguzwa kwa umeme, springi inasukuma kipande cha alumini kwenye meno ya diski, meno yanazama ndani ya alumini, na mzunguko unakwisha katika muda usiozidi milisekunde 5. Kasi ile iliyozuiwa ghafla huivuta diski chini ya meza, na mota nayo inazimwa.

Tarakimu zinasaidia kuona ukubwa wa jambo hili. Diski ya inchi 10, yaani milimita 254, inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 53 hivi kwa sekunde, ambayo ni takriban kilomita 190 kwa saa. Ikiwa ina meno 40, basi meno yapatayo 2,670 hupita mahali pamoja kila sekunde. Mtu anayeshtuka na kuondoa mkono huhitaji karibu theluthi moja hadi moja ya tano ya sekunde kabla misuli haijaitika, na ndani ya moja ya tano ya sekunde meno zaidi ya 500 yamekwisha kupita. Ndani ya milisekunde 5 hayawezi kuzidi 13, tena kwa diski ambayo tayari inapunguza mwendo na kuzama. Ndiyo maana jeraha linalobaki mara nyingi ni la kufungwa kwa bendeji.

Hata hivyo kuna jambo ambalo maonyesho ya soseji, yale ambayo soseji hupelekwa kwenye diski badala ya kidole ili breki ionekane ikifanya kazi, hayalionyeshi vizuri. Soseji husukumwa taratibu, pamoja na mbao, kwa mwendo wa kawaida wa kulisha mashine. Mkono unaokwenda sentimita 30 kwa sekunde utasogea milimita moja na nusu ndani ya milisekunde 5. Mkono uliovutwa na mbao iliyorushwa, ukienda mita 2 kwa sekunde, utasogea milimita 10, na kidole kizima hakizidi hapo sana kwa unene. Hizo ni hesabu za juu kabisa, kwa kuwa diski haibaki mahali pake wala kwenye kasi yake, lakini zinatosha kuonyesha kwamba ukali wa jeraha unategemea mkono ulikuwa unakwenda kwa kasi gani ulipofika. Breki hupunguza jeraha. Haiahidi kwamba hakutakuwa na jeraha. Mwenye karakana alikuwa ameelewa kinyume chake, na nilishukuru kwamba tulilizungumza kabla ya fedha kutoka.

Glavu zinastahili kutajwa hapa kwa ufupi. Glavu isiyopitisha umeme huchelewesha ishara mpaka iwe imekatwa, na pia hunaswa na meno na kuvuta mkono. Kwenye msumeno wa meza glavu hazivaliwi, mashine iwe na breki au isiwe nayo.

Yale ambayo breki haiyagusi

Fundi mkuu alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa msemo tu: ajali haina kinga. Sikukubaliana naye, kwa sababu ajali za msumeno wa meza zina sababu zinazojulikana na zinazojirudia, na nyingi kati yake zina kinga yake mahususi. Hoja yake ya pili ilikuwa nzito, nayo ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi. Alisema kwamba katika miaka yake yote hajawahi kupeleka kidole kwenye diski, lakini amepigwa tumboni na mbao zaidi ya mara moja.

Hiyo ndiyo ajali ya mbao kurushwa nyuma. Meno yaliyo mbele ya diski hukata yakielekea chini, na kwa hiyo huikandamiza mbao mezani. Meno yaliyo nyuma yanapanda. Ikiwa mbao itabanwa kati ya diski na reli ya kuongozea, au mpasuko wake ukijifunga kwa sababu ya mvutano uliomo ndani ya mti, meno ya nyuma huinyanyua na kuirusha kumwelekea mtu, kwa kasi inayoweza kukaribia ile ya ukingo wa diski. Breki ya umeme haijui lolote kuhusu tukio hili, kwa kuwa mwili haujagusa diski. Kinachozuia ni lile bamba jembamba linalosimama nyuma ya diski, linalopanda na kushuka pamoja nayo, na ambalo huzuia mpasuko usijifunge na mbao isisogee kwenye meno yanayopanda. Bamba hilo linapatikana pia kwenye misumeno ya kawaida ya siku hizi, tena bila gharama ya ziada. Ule wa zamani wa karakana ulikuwa nalo, likapotea.

Lakini ajali hizi mbili hazitengani kabisa, na hapo ndipo hoja ya fundi mkuu ilipopungua nguvu. Mbao inaporushwa, mkono uliokuwa ukiisukuma hupoteza kilichokuwa kikiushikilia. Ukiwa nyuma ya diski kushika kipande kilichokatwa, huvutwa kuelekea kwenye diski. Ukiwa mbele, mwili wote huangukia mbele. Vidole vingi hufika kwenye meno kwa njia hiyo, bila mwenyewe kuvisogeza. Kwa hiyo bamba la nyuma ni kinga ya kwanza kwa ajali zote mbili, na breki ni kinga ya mwisho kwa moja kati yake. Mtu akilazimika kuchagua kimoja tu, na achague bamba. Mara nyingi hatalazimika, kwa maana mashine zenye breki huja na vyote viwili, ila nimeona wanaonunua breki kisha wakaondoa bamba na kifuniko kwa sababu vinawasumbua wakati wa kuchimba mfereji kwenye mbao, na hawavirudishi.

Vumbi nalo liko nje ya uwezo wa breki, na kelele pia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mashimo yanayoizunguka. Madhara yake huja polepole na hayapeleki mtu hospitali mchana wa siku hiyo, kwa hiyo huwa hayaingii kwenye mazungumzo ya kununua msumeno. Katika kisa hiki yaliingia kwa lazima, kwa sababu njia ya pili ya matumizi ya fedha ilikuwa na mashine ya kunyonya vumbi na njia ya kwanza haikuwa nayo. Watu watatu wanaokata MDF kila juma ndani ya chumba kimoja hawawezi kuambiwa kwamba usalama wao umekamilika kwa kuwa vidole vimelindwa.

Hesabu, pamoja na mbao mbichi

Takwimu zinazotajwa zaidi zinatoka Marekani, kwa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, ambayo hujulikana kwa herufi CPSC. Tume hiyo ilikadiria kwamba mwaka 2015 hospitali za nchi hiyo zilitibu majeruhi wapatao 33,400 wa msumeno wa meza katika vitengo vya dharura, na kwamba takriban 30,800 kati yao waliguswa na diski. Wengi walikatwa tu, lakini waliopoteza sehemu ya kiungo walikadiriwa kufika maelfu kadhaa. Kinachonivutia katika takwimu hizo ni uwiano zaidi ya idadi: karibu tisa katika kila majeraha kumi ni ya kuguswa na diski. Uwiano huo unaijibu sehemu ya hoja ya fundi mkuu. Kupigwa na mbao hutokea sana na mara nyingi huacha alama ya bluu tumboni. Kinachompeleka mtu hospitali, mara nyingi, ni diski.

Takwimu hizo hata hivyo ni za nchi nzima yenye mamilioni ya mashine, nyingi zikiwa za watu wanaofanya useremala kama burudani, na hazigawanywi kwa saa za kazi. Haziwezi kumwambia mwenye karakana nafasi yake yeye ya kuumia. Kwa hiyo tuliacha kutafuta asilimia na tukaangalia ni nani atakuwa na mikono juu ya meza, na kwa saa ngapi. Fundi mkuu hupasua kwa mpangilio, hatumii mikono mitupu kwenye vipande vyembamba, na anajua kusimama pembeni ya mstari wa mbao. Mwenye karakana ni mtu wa haraka, anayeacha simu ya mteja na kurudi kwenye mashine akiwa bado anaijibu kichwani. Mwanagenzi bado hajui asichokijua. Kwa maoni yangu hatari ya mwenye karakana ilikuwa kubwa kuliko ya mwanagenzi, na nilimwambia, ingawa yeye alikuwa amekuja akiamini kwamba ananunua mashine kwa ajili ya kijana.

Tofauti ya bei kati ya msumeno wenye breki na ule wa kawaida wa ubora unaokaribiana nao, tuliipima kwa kipimo cha karakana yenyewe: ilikuwa sawa na faida ya miezi mitatu. Kwa mashine ndogo za kubebeka tofauti huonekana kubwa zaidi kwa uwiano, huweza kufika mara mbili au kuzidi, kwa sababu mashine ndogo ya kawaida ni ya bei ya chini sana. Kwenye mashine nzito za karakana tofauti hupungua, maana zote mbili zimejengwa kwa chuma kingi na mota kubwa. Mashine ya karakana ikitunzwa hudumu miaka kumi bila shida. Miezi mitatu katika miezi 120 si mzigo wa kutisha. Kama hesabu ingeishia hapa, uamuzi ungekuwa mwepesi.

Haikuishia hapa, kwa sababu ya mbao mbichi. Breki haitambui kidole. Inatambua kushuka kwa ishara ya umeme. Mbao yenye maji mengi, mbao iliyotiwa dawa na bado ina unyevunyevu, alumini, na plastiki yenye uso unaoakisi kama kioo cha kujitazamia, vyote vinaweza kuishusha ishara hiyo na kuifyatua breki bila mtu yeyote kuguswa. Msumari mdogo uliofichika ndani ya mbao kwa kawaida hauifyatui, isipokuwa umegusana na meza ya chuma au na mkono wa mtu. Kila breki inapofyatuka, katriji yake, yaani kile kisanduku chenye springi na kipande cha alumini, imekwisha kazi na lazima ibadilishwe, na diski nayo kwa kawaida huharibika, hasa ile yenye meno ya kabaidi. Tulikadiria kwamba katriji pamoja na diski nzuri ni faida ya siku mbili za kazi. Ikiwa breki itafyatuliwa na mbao mbichi mara moja kila mwezi, hasara ya mwaka inakaribia faida ya mwezi mzima, na ndani ya miaka mitatu mashine itakuwa imekula tena ile tofauti yote ya bei ambayo mwenye karakana alikuwa anaihangaikia.

Mashine hizi zina namna ya kuzimwa breki kwa ufunguo kwa ajili ya kazi kama hiyo. Breki ikiwa imezimwa, mota huwaka, na taa ya mashine huonyesha kama kilichokatwa kingeifyatua. Kwa hiyo mtu anaweza kukata kipande cha majaribio akiwa mbali na diski, akaangalia taa, kisha akaamua. Mota ikisimama, breki hurudi yenyewe kwenye ulinzi, na anayetaka kuizima tena analazimika kugeuza ufunguo upya. Ni mpango mzuri. Udhaifu wake ni wa kibinadamu: siku ambayo kazi nzima ni mbao mbichi, ufunguo utageuzwa kila mara, na mashine ya gharama kubwa itakuwa inafanya kazi kama ile ya kawaida, tena mbele ya watu wanaoamini kwamba wamelindwa. Mbao mbichi ndiyo pia hujifunga na kurushwa zaidi. Ulinzi ungeondolewa hasa kwenye kazi yenye hatari kubwa zaidi.

Jambo hili ndilo lililobadili sura ya kisa kizima. Mbao mbichi na mbao zilizopinda hazipaswi kupasuliwa kwenye msumeno wa meza kama njia nyingine ipo, na njia hiyo ni msumeno wa mkanda. Mkanda unakata ukielekea chini wakati wote, unaikandamiza mbao mezani, na hauna meno ya nyuma yanayopanda ya kuirusha kumwelekea mtu. Vidole vinaweza kukatwa huko pia, bila shaka, lakini ile ajali ya mbao kurushwa nyuma na kuvuta mkono haipo. Kumbe kifaa kilichokuwa kimewekwa kwenye njia ya pili kama nyongeza ndicho kilichokuwa kinaifanya njia ya kwanza iwe na maana.

Katriji, diski na umbali kutoka kwa muuzaji

Mashine haiwaki bila katriji. Wanunuzi wengi hulipita jambo hili haraka. Breki ikifyatuka asubuhi na hakuna katriji ya akiba kabatini, kazi imesimama mpaka nyingine ifike, na kwa karakana iliyo mbali na muuzaji hiyo huweza kuwa majuma. Katriji pia hulingana na ukubwa wa diski: ile ya kawaida ni ya diski za inchi 10, na seti ya diski za kuchimbia mifereji za inchi 8 inahitaji katriji yake. Nafasi kati ya breki na meno hukaguliwa kila diski inapobadilishwa, na kurekebishwa ikibidi, kwa kuwa diski mbili zilizoandikwa kipimo kimoja huweza kutofautiana kidogo. Diski zilizonolewa mara nyingi hupungua kipenyo, na hilo nalo huangaliwa. Hakuna kigumu katika haya, lakini mtu aliyezoea kuchomoa diski na kuweka nyingine ndani ya dakika moja atayaona kama usumbufu, na usumbufu hukaribisha njia za mkato.

Kungoja bei ishuke

Mwenye karakana aliuliza kama haingekuwa busara kusubiri. Swali lake lina msingi. Bosch ilitoa mashine yake iitwayo REAXX, ambayo iliishusha diski chini ya meza bila kuiharibu, lakini Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikazuia kuingizwa kwake nchini humo mwaka 2017 baada ya mgogoro wa hataza na SawStop. Mwaka huo huo SawStop ilinunuliwa na TTS, kampuni mama ya Festool, watengenezaji wa mashine za useremala wa Ujerumani, na baadaye Festool ikatoa msumeno wa TKS 80 wenye teknolojia hiyo hiyo. Februari 2024 TTS ilitangaza kwamba ingeiachia umma hataza nambari 9,724,840 pindi kanuni iliyopendekezwa na CPSC, ya kulazimisha teknolojia ya aina hii kwenye misumeno ya meza, ikianza kutumika. Ahadi hiyo ilifungwa kwenye sharti lisilokuwa mikononi mwa mnunuzi.

Kwa upande wa mashine kubwa za kiwandani, kampuni ya Felder wana mfumo wao unaoishusha diski mkono unapokaribia, kabla ya mguso, na kampuni ya Altendorf wana wao unaotazama mikono kwa kamera. Yote miwili haiharibu diski, na mashine huwa tayari kwa kazi tena baada ya muda mfupi. Ni mifumo bora kuliko ya katriji, kwa maoni yangu, ila imewekwa kwenye mashine ambazo bei yake haiwezi hata kuingia kwenye mazungumzo ya karakana ya watu watatu. Kwa hiyo hataza zitakwisha muda, washindani watakuja, na bei huenda ikapungua. Lakini msumeno wa zamani una beringi zilizokwisha na hauna bamba la nyuma, na kila juma la kungoja ni juma la kuutumia huo. Kungoja kungekuwa na maana kwa mtu ambaye mashine yake ya sasa ni nzima.

Uamuzi na masharti yake

Kama mwenye karakana angekuwa peke yake na fundi mkuu, na kazi yao ingekuwa nusu mbao mbichi, ningemshauri achukue njia ya pili bila kusita: msumeno wa kawaida wenye bamba zuri la nyuma, msumeno wa mkanda, na kivuta vumbi. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo watakaoona nimeidharau breki. Sijaidharau. Fedha zenye mipaka zinazonunua kinga tatu za kila siku zinashinda zile zinazonunua kinga moja ya dakika ya mwisho, endapo wanaotumia mashine wana nidhamu ya fundi mkuu.

Hapa hawana, na yupo mwanagenzi. Kuna wanaosema kijana anayejifunza kwenye mashine yenye breki atazoea uzembe, kisha siku moja ataajiriwa kwingine kwenye mashine isiyo na breki. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini jibu lake liko kwenye mafunzo: afundishwe kwa fimbo ya kusukumia, kwa bamba na kifuniko, kana kwamba breki haipo kabisa. Kumfundisha kwenye mashine inayoweza kumkata kidole kwa kosa la kwanza, ili ajifunze tahadhari, ni ada ya shule ambayo sidhani mtu mzima ana haki ya kumtoza kijana.

Tulichokubaliana hatimaye hakikuwa njia ya kwanza wala ya pili. Mwenye karakana aliacha msumeno mkubwa wenye breki aliokuwa ameutamani, akachukua mdogo wa daraja la chini wa aina hiyo hiyo. Mota yake inatosha kwa plaiwudi na kwa mbao ngumu za unene wanaoutumia, mradi zilishwe taratibu kwa diski ya kupasulia yenye meno machache. Meza yake ni ndogo, nayo itaongezewa meza ya mbao pembeni na nyuma ambayo wataitengeneza wenyewe, kazi ambayo maseremala hawana sababu ya kumlipa mtu mwingine. Kiasi kilichookolewa kilitosha kwa msumeno wa mkanda uliotumika. Mashine ya kunyonya vumbi haikupatikana kwa mara hii. Waliweka feni ya kutoa hewa nje na barakoa za kuchuja vumbi, na mwenye karakana ameitanguliza mashine hiyo mbele ya ununuzi mwingine wowote. Hapo ndipo ninapouona uamuzi huu kuwa na upungufu, na sikumficha.

Katriji mbili za akiba zilinunuliwa siku ile ile pamoja na mashine, na katriji ya diski za mifereji itasubiri mpaka kazi ya aina hiyo ipatikane. Mbao yenye unyevunyevu haipandi mezani. Inakwenda kwenye mkanda kwanza, inakaa ikauke, kisha inarudi kusawazishwa. Ufunguo wa kuzima breki hauning'inii kwenye mashine. Uko kwa fundi mkuu, ambaye hakuipenda mashine hii lakini aliupenda wajibu huo, na ambaye ameagiza kwamba mwanagenzi aanze na plaiwudi pekee, diski ikiwa imeinuliwa kupita unene wa ubao kwa kimo cha jino moja tu, na asipewe kipande kifupi mpaka yeye mwenyewe amwone akikisukuma kwa fimbo bila kukumbushwa.